Solver ya Excel kwenye jiko la mahamri: inapofaa na inapokwama

Jiko la vitafunio la Mombasa linalouzia maduka ya Majengo, Kisauni na Likoni lina swali moja kila jioni: kesho tupike nini, na kiasi gani? Wengi hulijibu kwa mazoea. Jana mahamri yaliisha mapema, leo yaongezwe. Sambusa ina faida nono, basi nguvu zote ziende huko. Mazoea ya mpishi mzoefu hayako mbali sana na hesabu, kwa hiyo kifaa kinachodai kumsaidia kipimwe kwa kile kinachoongeza juu ya anayoyajua tayari.

Kifaa chenyewe ni Solver, programu nyongeza inayokuja na Excel ya kompyuta: unaipa lengo, kama faida, na vikwazo vyako, nayo inatafuta namba zinazolifikisha lengo hilo juu kabisa. Imetengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Frontline Systems, na njia yake ya kukokotoa tutakayoitumia hapa, Simplex, ilibuniwa na George Dantzig mwaka 1947. Tuseme mapema tulivyoiona: kwa biashara yenye bidhaa chache na vikwazo vinavyohesabika inatosha kabisa, hakuna haja ya kulipia programu nyingine. Lakini jibu lake la kwanza, lile la "pika hiki kiasi hiki", ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Chenye thamani ni ripoti inayokuja nyuma yake, na wengi hawaifungui.

Kuiwasha: nenda File, Options, Add-ins, kisha chini kabisa bonyeza Go, tia alama kwenye Solver Add-in, halafu OK. Itatokea upande wa kulia kwenye menyu ya Data. Excel ya simu haina Solver, na kwa kuwa biashara nyingi ndogo huweka hesabu zao zote kwenye simu, hicho ni kizuizi cha kweli.

Tuipime kwa jiko la mfano. Namba hizi zimepangwa zifanane na jiko la jumla lenye wafanyakazi watano. Kila mwenye jiko aweke zake. Kipimo ni vipande mia moja, na faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa malighafi na gesi, bila kugusa ujira:

Mahamri mia: unga kilo 4, saa 2 za kazi, saa 0.75 ya karai, faida shilingi 400.
Sambusa mia: unga kilo 2, saa 4 za kazi, saa 0.5 ya karai, faida shilingi 720.
Kaimati mia: unga kilo 1, saa 1 ya kazi, saa 0.75 ya karai, faida shilingi 220.

Kwa siku kuna unga kilo 48, yaani pakiti 24 za kilo mbili. Saa 30 za kazi, watu watano kwa saa sita kila mmoja. Na saa 8 za karai, karai mbili kwa saa nne kila moja. Maduka hayachukui zaidi ya mahamri 1,000, sambusa 500 na kaimati 600.

Kwenye karatasi ya Excel, seli B2 hadi D2 ziache tupu: hapo ndipo Solver itaandika idadi. Safu ya 3 iwe faida, ya 4 unga, ya 5 saa za kazi, ya 6 saa za karai, na ya 7 kikomo cha soko. Katika E3 andika =SUMPRODUCT(B3:D3,$B$2:$D$2), kisha ivute hadi E6. F4 hadi F6 ziwe 48, 30 na 8. Fungua Solver: lengo ni E3, chagua Max; seli za kubadilishwa ni B2:D2; vikwazo ni viwili tu, E4:E6 <= F4:F6 na B2:D2 <= B7:D7. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula, kutegemea ilivyopangwa.

Kabla ya kubonyeza Solve, badilisha njia ya ukokotoaji. Solver hufunguka ikiwa kwenye GRG Nonlinear, iliyokusudiwa hesabu zenye mikunjo. Kwa hesabu za mstari mnyoofu kama hii chagua Simplex LP. GRG huenda ikatoa jibu lilelile, lakini ripoti yake hutumia majina mengine na haikupi mipaka ya namba tutakayoihitaji hivi punde. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye mafaili ya watu, na lingeepukwa kama watengenezaji wangeweka Simplex iwe ya kwanza.

Jibu linakuja mara moja: mahamri 8.5, sambusa 3.25, kaimati sifuri. Yaani mahamri 850, sambusa 325, faida shilingi 5,740 kabla ya ujira. Linganisha na mazoea. Anayetazama faida ya kila mia atapika sambusa pekee: saa 30 zitamruhusu 750, hata kama soko lingezipokea zote, na atapata 5,400. Anayegawanya faida kwa saa za kazi ataona kaimati inaongoza kwa shilingi 220 kwa saa, aikumbatie bila kutazama soko nayo, halafu karai zimwishie akiwa na takriban kaimati 1,067 na faida isiyozidi 2,350. Kila mmoja ametazama kikwazo kimoja. Solver imetazama vyote pamoja, na kwa hilo inastahili sifa yake.

Sasa ile ripoti. Jibu likitoka, kwenye kisanduku cha mwisho chagua Sensitivity kabla ya OK. Karatasi mpya itafunguka, na safu ya kuisoma kwanza ni Shadow Price. Unga una sifuri, kwa sababu kilo 7.5 zimebaki, anayekuja na ofa ya "chukua unga zaidi" hana lolote la kukuongezea leo. Saa ya kazi ina 170. Saa ya karai ina 80. Maana yake ni kwamba saa moja zaidi ya mtu inaongeza faida kwa shilingi 170, kwa hiyo ukimlipa kibarua 120 kwa saa unabaki na 50. Lakini soma na safu iliyo kando yake, Allowable Increase: inasema 4.67. Bei hiyo ya 170 inashikilia kwa saa nne na dakika arobaini tu, baada ya hapo sambusa zinagonga kikomo cha soko cha 500. Ongeza saa nne, mpango unakuwa mahamri 750 na sambusa 475, faida 6,420. Toa ujira wa 480, umebaki na 200 juu ya ulichokuwa nacho. Ukiajiri mtu wa sita kwa saa sita nzima ukidhani kila saa ni 170, hesabu imekuponyoka.

Hapo pia pana mtego wa kuhesabu ujira mara mbili. Kama katika faida ya kila mia ulishatoa mshahara, basi 170 si kiwango cha juu cha kumlipa mtu. Ni ziada juu ya mshahara ulioutoa. Chagua njia moja na uiandike juu ya karatasi kwa maneno, maana atakayelifungua faili mwezi ujao hatakumbuka.

Kwa kaimati ripoti inaonyesha Reduced Cost ya -10. Ikileta shilingi 230 kwa mia badala ya 220, itaanza kustahili nafasi kwenye karai. Kumi kwa mia ni senti kumi kwa kipande, kwa hiyo kauli kwamba kaimati hailipi ingekuwa nzito mno kwa tofauti hiyo. Ndipo tunapofika mahali ambapo Solver humpotosha asiyeijua.

Tazama mahamri kwenye ripoti ileile: Allowable Decrease ni 8. Faida yake ikishuka kutoka 400 hadi chini ya 392, mpango unabadilika. Lakini ripoti inachukulia kwamba namba moja tu ndiyo inayosogea na nyingine zimetulia, na bei ya unga haiendi hivyo. Unga ukipanda shilingi moja kwa kilo, mahamri hupoteza 4 kwa mia, sambusa 2, kaimati 1, zote kwa pamoja. Ukizisogeza zote, mpango hugeuka unga ukipanda kidogo zaidi ya shilingi 3 kwa kilo. Pakiti ya kilo mbili ikipanda shilingi saba, hilo limetokea.

Na ukigeuka, unaruka. Pandisha unga kwa shilingi 4 kwa kilo, bonyeza Solve tena: mahamri yanashuka kutoka 850 hadi 267, sambusa zinafika 500, kaimati zinaibuka hadi 467. Faida ya mpango huu mpya ni 5,592. Ule wa zamani, kwa bei hiyohiyo mpya ya unga, ungekupa 5,578. Jiko zima limepinduliwa na maduka yameachwa bila mahamri ya asubuhi kwa shilingi 14! Solver haikuonyeshi hilo. Inakupa jibu lililo bora kwa hesabu na kunyamaza. Dawa ni kuwa na safu ya pembeni ambamo mpango unaoutumia sasa unahesabiwa kwa bei mpya, na kuubadilisha tu pengo likizidi kiasi ulichojiwekea. Kwa jiko la ukubwa huu, sisi hatungegusa ratiba kwa chini ya shilingi 150 kwa siku.

Mpangilio tuliouweka una kasoro nyingine, na hii ni ya anayeandika modeli wala si ya Solver. Tumesema saa 8 za karai kama kwamba ni kapu moja. Mombasa mahamri ni chakula cha asubuhi, na mbaazi zake. Yasipofika dukani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, wateja wameshakula kwingine, na ya Likoni yana foleni ya feri ya kuvuka. Sambusa na kaimati ni za jioni. Mpango wa mahamri 850 unakula saa 6.4 za karai, na hakuna asubuhi yenye saa hizo ikiwa karai ni mbili na moto unawashwa saa kumi kasorobo. Kikwazo kinapaswa kugawanywa: saa 5 za karai asubuhi kwa mahamri pekee, saa 3 jioni kwa sambusa na kaimati. Ni safu moja zaidi kwenye karatasi.

Matokeo: mahamri 667, sambusa 380, kaimati 147, faida takriban 5,725. Kaimati iliyofukuzwa imerudi, na ukweli umetugharimu shilingi 15 tu. Ripoti mpya inasema saa ya karai ya asubuhi ina thamani ya shilingi 75 hivi, ya jioni 64, na saa ya kazi 172. Kwa hiyo kununua karai ya tatu kusingeleta makubwa. Mikono ndiyo inayobana. Huu ndio uamuzi ambao mwenye jiko anauhitaji, na hautokani na zile namba tatu za juu.

Makosa mengine yanayojirudia tuyapitie haraka. Ujumbe kwamba masharti ya mstari mnyoofu hayakutimizwa maana yake kuna IF, ROUND, MAX au VLOOKUP inayotegemea zile seli za uamuzi. Punguzo la "ukichukua zaidi ya mia tano bei inashuka" ndilo huingiza IF mara nyingi. Ujumbe kwamba thamani ya lengo haitulii maana yake umesahau kikwazo, na Solver inaona njia ya kupata faida isiyo na mwisho. Gramu zikichanganywa na tani kwenye karatasi moja, hitilafu ndogo za ukokotoaji hukua. Weka vipimo vinavyokaribiana.

Ujumbe kwamba hakuna suluhisho linalowezekana unastahili neno zaidi, kwa sababu watu huudhani ni ubovu wa programu. Tuseme umeahidi hoteli na maduka mahamri 1,200 kwa siku, ukaweka sharti hilo na kuinua kikomo cha soko. Karai zitahitaji saa 9 na unazo 8. Solver inakuambia ukweli: ahadi hiyo haitekelezeki. Ili ikuonyeshe pengo liko wapi, ongeza seli ya nne ya uamuzi iitwe upungufu, yaani mahamri utakayoyanunua kwa jiko jingine, na uipe hasara kubwa, labda shilingi 300 kwa mia. Sharti liwe mahamri pamoja na upungufu yafike 12. Sasa utapata jibu, na utajua ni mia ngapi za kuagiza nje.

Kwa vitu visivyogawanyika, kama safari za lori, ongeza sharti la int, yaani jibu liwe namba nzima. Mfano wa haraka: tani 42 za sukari zinatoka godauni la Shimanzi kwenda Mtwapa. Lori la tani 10 ni shilingi 14,000 kwa safari, canter ya tani 3 ni 5,000. Bila sharti hilo jibu ni malori 4.2. Ukilikweza unaita malori matano kwa 70,000. Kwa int, Solver inakupa malori manne na canter moja, tani 43, kwa 61,000. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, ndani ya Options kuna Integer Optimality, ambayo huanza ikiwa asilimia 1: Solver husimama ikishakuwa karibu kiasi hicho na jibu bora. Kwa mpango wa shilingi milioni moja hiyo yaweza kuwa hadi 10,000 zilizoachwa mezani, kwa hiyo weka 0. Pili, ukitumia int ripoti ya Sensitivity haipatikani. Kwa mahamri na sambusa acha desimali, kisha kadiria mwenyewe. Hakuna atakayegombana nawe kwa vipande vitatu.

Mpaka wa Solver hii ni seli 200 za uamuzi. Jiko halitafika huko, lakini msambazaji mwenye godauni tano na maduka sitini tayari ana njia 300. Huyo atumie OpenSolver, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ni ya bure, inakaa ndani ya Excel hiyohiyo, inasoma modeli uliyokwisha kuiandika, na haina mpaka huo. Asiye na Excel yuko salama na LibreOffice Calc, nayo ya bure. Solver yake iko kwenye menyu ya Tools. Fungua Options zake uchague injini ya hesabu za mstari na uhakikishe alama ya kutokubali namba hasi imewekwa, la sivyo waweza kuambiwa upike kaimati hasi. Tumeipata sawa kwa majibu, dhaifu kwa ripoti, na kwa kuwa ripoti ndiyo tunayoisifu, Excel inabaki mbele. Google Sheets haina Solver yake yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata mojawapo ya hizi inayolitatua. Tuliandika kwamba soko linachukua mahamri 1,000 kana kwamba ni kipimo cha tangi. Mahitaji yanapanda na kushuka, na mvua ya asubuhi peke yake yaweza kuyakata. Kwa bidhaa inayolala na kuharibika, kikomo hicho kipatikane kwa hesabu nyingine, rahisi zaidi. Hamri moja linagharimu shilingi 6 na kuuzwa 10. Likikosekana umepoteza 4. Likibaki na kutupwa umepoteza 6. Gawanya 4 kwa jumla ya 4 na 6, unapata 0.4. Chukua mauzo ya siku 60 zilizopita, andika =PERCENTILE(A1:A60,0.4), na hicho ndicho kiasi cha kupika: chini kidogo ya siku ya katikati. Kama yaliyobaki yanauzika kesho yake kwa shilingi 3, hasara ya kubaki ni 3, uwiano unakuwa 4 kwa 7, yaani 0.57, na sasa unapika juu kidogo ya katikati. Siku ambazo mahamri yalikwisha saa moja asubuhi zitoe kwenye orodha au zikadirie upya, kwa sababu mauzo yake yanaonyesha ulichokuwa nacho, hayaonyeshi kilichotakiwa. Namba inayotoka hapo, ikigawanywa kwa mia, ndiyo ya kuweka kwenye B7.

Ramadhani iwe na karatasi yake ndani ya faili. Mauzo ya mahamri ya asubuhi hulala, sambusa na kaimati hupanda, na karai zote huwa za alasiri, kwa hiyo kikwazo cha asubuhi hakina kazi. Kila karatasi huhifadhi modeli yake ya Solver. Ukinakili karatasi, fungua visanduku ukague kwamba seli za lengo na vikwazo ni zilezile kabla ya kubonyeza Solve.